Bi. Dorcus Opondo na Uzi Uliokatika Asubuhi

Bi. Dorcus Opondo, Fundi Mkuu wa Karakana ya Ushonaji ya Kiptere, anastaafu Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya kuitumikia karakana hii kwa miaka thelathini na minne, miezi minane na siku ishirini na saba. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ilikuwa imeandika miaka thelathini na mitano katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, naye akairudisha karatasi ikiwa na mstari wa kalamu nyekundu chini ya kosa. Rasimu imesahihishwa.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 4 Februari 1991, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Wakati huo karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye cherehani nne za kukanyaga kwa miguu na meza moja ya kukatia vitambaa. Walioanzisha kazi walishona sare za shule na aproni za wachuma chai, zile nzito zinazomkinga mchumaji na umande wa asubuhi. Bi. Dorcus alichukuliwa ashone vitundu vya vifungo, wala hakuna aliyemwahidi zaidi ya hapo.

Katika wiki yake ya tatu cherehani namba tatu iligoma. Fundi wa mjini Kericho aliitwa, akasema angefika Alhamisi. Jumanne, wenzake walipokwenda kula chakula cha mchana, Bi. Dorcus aliifungua mashine hiyo kwa ncha ya kisu cha jikoni, akatoa kipande cha uzi kilichokuwa kimejizungusha ndani ya kikombe cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, akaifunga tena, kisha akaendelea na vitundu vyake. Fundi alipofika Alhamisi alipewa chai, akashukuru, akarudi Kericho. Hakuitwa tena kwa miaka sita.

Mwaka 1996 alifanywa kiongozi wa zamu, mwaka 2004 msimamizi wa chumba cha mashine, na mwaka 2011 Fundi Mkuu. Amefundisha washonaji sabini na watatu. Baadhi yao wana maduka yao Litein, Sotik na Bomet, na wawili ni walimu wa ushonaji katika vyuo vya ufundi. Mwanafunzi wake hakuruhusiwa kugusa kitambaa cha mteja kabla ya kushona mistari mia moja iliyonyooka kwenye magunia ya zamani. Waliolalamika walishona mia mbili.

Wenzake wanakumbuka pia katazo lake la kuimba karibu na mashine. Karakana hii ina wanakwaya wengi, nao walilichukulia katazo hilo kama dharau. Bi. Dorcus alieleza kwamba mashine husema inapoanza kuumwa, na kwamba hawezi kuisikia ikiwa sauti ya tatu na sauti ya nne zinashindana kichwani mwake. Mwishowe palipatikana maafikiano: nyimbo zikaruhusiwa kwenye meza ya kukatia tu. Tangu hapo kazi ya kukata, ambayo zamani ilikimbiwa, haijawahi kukosa watu wa kujitolea.

Kuna pia kisa cha majoho ya kwaya moja ya Chepseon, mwaka 2013. Majoho arobaini yalipelekwa Jumamosi, na Jumapili Bi. Dorcus akaenda ibadani huko kuyaona yakivaliwa. Katikati ya wimbo wa pili aliuona upindo wa joho moja ukishuka. Aliondoka kitini, akapita mbele ya kanisa zima, akapiga magoti nyuma ya mwimbaji, akaufunga upindo kwa pini, kisha akarudi mahali pake kabla ya ubeti kwisha. Mwimbaji hakugeuka. Waumini wengine walidhani ni sehemu ya ibada ya siku hiyo.

Hata hivyo, kwa muda mrefu jambo lililompa jina zaidi lilikuwa kanuni ya uzi.

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1997 zilinyesha bila kupumzika. Uzi wa pamba uliokuwa ghalani uliota ukungu, na hakuna aliyegundua mpaka aproni themanini ziliporudishwa kutoka mashambani, mishono ikiwa imeachia mara tu wachumaji walipoinama. Lilikuwa jambo la aibu. Baba yake Bi. Dorcus, marehemu Mzee Opondo, aliyekuja huku kutoka kando ya ziwa akiwa kijana, alikuwa amefanya kazi ya kukausha majani katika kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na miwili. Alimwambia binti yake kwamba katika baridi na ukungu wa huku, kitu kisichokaushwa hakihifadhiki. Bi. Dorcus alimwita seremala, akaagiza kichanja cha mbao juu ya jiko la chumba cha kupigia pasi, kisha akaandika tangazo kwa herufi kubwa: UZI WOTE URUDISHWE KICHANJANI SAA KUMI NA MOJA JIONI. Chini yake aliweka sahihi: D. Opondo.

Adhabu ya kusahau ilikuwa kupika chai ya saa nne kwa wafanyakazi wote, wiki nzima. Kwa miaka karibu ishirini na minane kanuni hiyo haikuguswa. Wageni waliotembelea karakana walionyeshwa kichanja kabla ya kuonyeshwa mashine. Hakuna nguo iliyorudishwa tena kwa sababu ya uzi uliooza, na jambo hilo limetajwa kwa haki katika ripoti zetu za kila mwaka.

Kanuni hii inaelezwa kwa urefu kwa sababu mwaka huu ndiyo iliyokaribia kuvunja idara nzima.

Jumanne, tarehe 17 Juni, karakana ilipokea mashine mpya ya kushonea mifarishi, yaani yale mablanketi ya tabaka tatu, kitambaa juu, pamba katikati na kitambaa chini, ambayo wateja wetu wengi huyaita duveti. Kabla ya hapo wanawake tisa walishona mifarishi kwa mkono na kwa cherehani za kukanyaga, na mfarishi mmoja ulichukua siku tatu. Mashine mpya iliweza kumaliza minne kwa siku moja. Meneja wetu, Bw. Kimeli, alikuwa amependelea mashine ya kufuma sweta. Ni Bi. Dorcus aliyeidai mashine ya mifarishi mbele ya kamati ya karakana kwa miaka minne mfululizo, na kamati ilikubali kwa neno lake. Kabla haijafika, tayari shule moja ya wasichana ya Chebunyo ilikuwa imeagiza mifarishi sitini kwa bweni lake jipya. Shule zingefunguliwa Jumatatu, tarehe 25 Agosti.

Mashine ilifungwa, ikawashwa, ikashona vibaya.

Makosa yalikuwa matatu. Upande wa chini wa kitambaa ulijaa vitanzi vya uzi. Mishono iliruka, hivi kwamba palipotakiwa mishono kumi palikuwa na saba. Uzi wa juu ulikatika ovyo. Siku ya kwanza kila aliyepita aligeuza skrubu moja kwa nia njema, na jioni hakuna aliyejua skrubu ipi ilikuwa wapi asubuhi. Siku ya pili Bi. Dorcus alichora mstari wa chaki sakafuni kuizunguka mashine, akakataza mtu yeyote kuuvuka isipokuwa yeye na washonaji wawili waliopewa mashine hiyo: Bi. Chepkurui, aliyeshona kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, na Bi. Janefer, aliyeshona kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja jioni.

Njia yake ilikuwa ileile aliyowafundisha wanafunzi wote sabini na watatu. Badilisha kitu kimoja tu. Shona kipande cha urefu wa shubiri kwenye kitambaa cha taka. Kibandike kwenye kadi, andika ulichobadilisha na kilichotokea, ndipo uende kwenye kitu cha pili. Kadi hizo zimehifadhiwa, na ghala linamwalika yeyote mwenye shaka aje azisome.

Vitanzi vilipatiwa dawa kwenye kadi ya nne. Uzi wa juu hupita kati ya visahani viwili vinavyoubana, nao washonaji walikuwa wakiupitisha juu juu bila kuuvuta ukaingia katikati, kwa hiyo haukubanwa. Walifundishwa kuuvuta kwa mikono miwili, na vitanzi vikakoma.

Mishono iliyoruka ilichukua muda zaidi. Sindano za cherehani zetu za zamani zina upande bapa, na kila mshonaji wa Kiptere huitia sindano bila kuitazama, kidole gumba kikiutafuta upande huo. Sindano ya mashine mpya ni mviringo kote. Vidole vilitafuta upande bapa, vikaukosa, vikaikaza sindano ikiwa imegeuka kidogo. Kwenye kadi ya kumi na moja Bi. Dorcus alipitisha pini nyembamba katika tundu la sindano. Pini ikimwelekea mshonaji tumboni, sindano imekaa sawa. Ikielekea kiwiko, irekebishwe. Tangu siku hiyo hakuna mshono ulioruka.

Likabaki kosa la tatu, na hilo lilikuwa na sura ya ajabu. Uzi ulikatika kwa Chepkurui, haukukatika kwa Janefer. Asubuhi moja ulikatika mara kumi na nne. Alasiri ya siku hiyo hiyo ulikatika mara moja. Mashine ilikuwa ileile, uzi uleule, sindano ileile.

Fundi wa waliotuuzia mashine alifika Alhamisi, tarehe 3 Julai, saa tisa alasiri. Alimtazama Janefer akishona mfarishi mzima bila tatizo, akafunga mkoba wake. "Mashine iko sawa," alisema. "Huyo wenu wa asubuhi ndiye ako na mkono mzito."

Neno hilo lilienea kabla gari lake halijafika barabarani. Chepkurui ni mama wa watoto watatu, ana miaka kumi na miwili katika karakana hii, na mshono wake wa mkono ndio huonyeshwa wateja. Sasa alisalimiwa mlangoni kwa kuulizwa kama amekuja na mkono au amekuja na jembe. Janefer alimshauri awe anashona na glavu za kupalilia. Siku mbili za kwanza Chepkurui alicheka pamoja nao. Siku ya tatu hakucheka, na mzaha ukaisha wenyewe.

Kabla ya hapo, Ijumaa, tarehe 4 Julai, Bi. Dorcus alikuwa amemwandikia meneja barua ya mistari sita. Alipendekeza Chepkurui aondolewe kwenye mashine na kurudishwa kwenye meza ya kukatia, na Janefer apewe siku nzima mara atakapopata mtu wa kupeleka maziwa yake asubuhi. Sababu aliyoitaja ilikuwa "uzito wa mkono". Barua iliingizwa katika faili la Chepkurui.

Jumatatu iliyofuata Bi. Dorcus alikuwa akipanga kadi zake kwa namba. Kwa maelezo yake mwenyewe, alitafuta kadi ya mkono wa Chepkurui ili aiweke mahali pake, akakuta kwamba haipo. Alikuwa ametoa hukumu bila kujaribu. Kila kadi ilibadilisha kitu kimoja, lakini hakuna iliyobadilisha mshonaji peke yake. Palipobadilika mshonaji, na saa ilibadilika pia.

Jumanne, tarehe 8 Julai, aliwabadilishia zamu. Janefer, maziwa yake yakiwa yamepelekwa na jirani, aliketi saa mbili asubuhi, akiwa amekwisha kuwaambia wenzake waje waone jinsi kazi inavyofanywa. Uzi ulimkatikia mara kumi na moja kabla ya chai. Alasiri Chepkurui alishona mfarishi mmoja na nusu bila kusimama.  Alipomaliza tu ndipo alipomuuliza Janefer, kwa sauti ya upole kabisa, kama zile glavu za kupalilia bado zipo. Zamu zikaachwa hivyo.

Bi. Dorcus alimwendea meneja jioni hiyo kusema kwamba barua yake ilikuwa na makosa. Bw. Kimeli alijibu, na haki ilikuwa upande wake, kwamba barua inayosema si huyu inapaswa pia kusema ni nini. Kamati ingeketi Jumatatu, tarehe 21 Julai. Chanzo kikiwa hakijajulikana, mashine ingerudishwa, agizo la Chebunyo lingepewa karakana nyingine, na idara ya mifarishi ingefungwa. Wanawake tisa wangetafutiwa kazi mahali pengine kama ingepatikana. Ni Bi. Dorcus aliyekuwa ameidai mashine hiyo kwa miaka minne.

Alikuwa na siku kumi na mbili. Alidhani mafuta ya mashine huganda kwa baridi ya Julai, akaifunika mashine kwa blanketi tangu jioni, uzi ukakatika. Alidhani ni stima, akapima, uzi ukakatika. Alibadilisha ukubwa wa sindano, akasawazisha meza, akafunga madirisha, akayafungua. Kadi zilifika thelathini na moja. Kila alasiri mashine ilishona kama inavyopaswa, na kila asubuhi ikarudia kosa. Waliomwona siku hizo wanasema alikuwa akila chakula cha mchana amesimama.

Alhamisi, tarehe 17 Julai, Chepkurui alipata habari kutoka nyumbani saa kumi jioni kwamba ng'ombe wake alikuwa anazaa. Aliomba ruhusa, akapewa, akaondoka mbio. Koni ya uzi ilibaki juu ya mashine. Saa kumi na moja kila mtu alirudisha uzi wake kichanjani, na wa Chepkurui haukuwa na wa kuurudisha.

Ijumaa asubuhi Janefer aliikuta koni hapo, na sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Mama, kuja uone! Uzi imelala nje! Chepkurui ameacha uzi usiku mzima!"

Bi. Dorcus alikuja, akaitazama koni, akaitazama birika ya chai. Kosa lilikuwa wazi na adhabu ilijulikana. Lakini kamati ilikuwa imebakiza siku tatu, na kushusha koni nyingine kungepoteza dakika. Alimwagiza Janefer ashone kwa hiyo hiyo. Adhabu ingesubiri mkosaji afike.

Janefer alishona. Ilipofika saa tatu uzi ulikuwa haujakatika. Ilipofika saa nne, kengele ya chai ilipolia, ulikuwa bado haujakatika, na hakuna aliyeinuka kwenda kunywa. Ndipo Chepkurui alipoingia, saa nne kabla ya zamu yake, viatu vikiwa vimejaa matope, kuomba radhi.

"Mama, nisamehe," alisema akiwa bado mlangoni. "Ng'ombe ilikuwa inazaa na hakukuwa na mtu mwingine kwa boma. Chai nitapika. Hata wiki mbili, nitapika."

 Bi. Dorcus alikwenda chumba cha pasi, akashusha koni nyingine kutoka kichanjani, ikiwa bado na joto la jiko, akaiweka kwenye mashine bila kubadilisha kitu kingine. Uzi ulikatika kabla ya kushonwa urefu wa mkono. Alirudisha koni iliyolala nje, ikashona. Alirudia jaribio hilo mara tatu. Kisha akasimama akilitazama tangazo la ukutani lenye sahihi yake.

Maelezo ni rahisi ukishayajua. Uzi wa pamba ukikauka kupita kiasi huwa mkavu kama majani makavu ya mahindi. Cherehani ya kukanyaga huenda polepole, na uzi wa namna hiyo huvumilia. Mashine mpya huuvuta kwa kasi kubwa kupitia vishikio vingi, na uzi hauvumilii. Kila jioni uzi ulirudishwa juu ya jiko, kila asubuhi ulishuka ukiwa umekaushwa kabisa. Kufika alasiri ulikuwa umekunywa unyevu wa ukungu uingiao mlangoni, ukapona. Kanuni iliyoiokoa karakana mwaka 1997 ndiyo iliyokuwa ikiukata uzi mwaka 2025. Katika nchi isiyo na ukungu pengine hakuna ambaye angefikiria kuuweka uzi juu ya moto. Sisi tuliuweka kwa miaka karibu ishirini na minane, tukajivunia.

Kadi ya thelathini na mbili imeandikwa hivi, bila neno la ziada: "Chanzo: kanuni ya kichanja. Mwenye kanuni: D. Opondo."

Aliliondoa tangazo yeye mwenyewe, akipanda juu ya kiti na kukataa kushikiwa. Sasa uzi huhifadhiwa katika makopo yenye vifuniko, ndani ya chumba cha mashine, mbali na jiko. Kichanja kinatumika kukaushia matambara ya pasi. Jumatatu kamati ilisoma kadi zote thelathini na mbili, ikaamua kwamba mashine ibaki.

Siku hiyo hiyo Bi. Dorcus aliandika barua ya pili, nayo ilikuwa na mistari kumi na miwili. Ilieleza chanzo, ilisema kwamba Bi. Chepkurui hakuwa na kosa lolote, na kwamba aliyependekeza aondolewe ndiye aliyekuwa amekosea, na kwa jambo ambalo angeweza kulijua kama angefuata njia yake mwenyewe. Meneja alikuwa tayari kuitoa barua ya kwanza kwenye faili. Chepkurui mwenyewe alisema, "Mama, hiyo itoeni tu, imeisha." Bi. Dorcus alikataa. Alisema kwamba ikiondolewa, barua ya pili haitaeleweka, na msomaji wa baadaye atadhani ni sifa tu. Barua zote mbili zimo, moja juu ya nyingine.

Iliyobaki ni adhabu. Bi. Dorcus aliamua kwamba kanuni ya uzi ilikuwa na mkosaji mmoja, na kwa wiki nzima, kuanzia tarehe 21 Julai, alipika chai ya saa nne kwa wafanyakazi wote. Ni wajibu wa mwandishi wa wasifu kusema ukweli: chai hiyo ilikuwa na maziwa kidogo mno. Wenyeji wa hapa, waliozoea chai inayokaribia kuwa maziwa matupu, waliivumilia siku ya kwanza kwa heshima. Siku ya pili Chepkurui aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akauliza, "Mama, hii ng'ombe ilipita tu kwa barabara?" Siku ya tatu alileta chupa ya maziwa kutoka nyumbani, ya ng'ombe yuleyule aliyezaa, ambaye maziwa yake ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kufaa kutumika kwenye chai. Bi. Dorcus alitia yote.

Mifarishi sitini ilipakiwa kwenye lori la shule Jumatano, tarehe 20 Agosti, siku tano kabla ya shule kufunguliwa. Kila mmoja ulikaguliwa na Bi. Dorcus kwa mkono, pande zote mbili. Hakuna uliorudishwa. Arobaini na mmoja kati yake ilishonwa na Chepkurui, ambaye alirudishiwa zamu yake ya asubuhi kwa ombi lake mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 3 Novemba, Bi. Chepkurui ataanza kazi ya Fundi Mkuu. Bi. Dorcus alimpendekeza kwa barua ya mistari minne, iliyo fupi kuliko zote alizoandika kumhusu. Tayari amekabidhiwa funguo, kadi, na kipande cha chaki.

Ni desturi ya karakana hii kumpa kila anayestaafu mfarishi mmoja. Wengi huchagua kutoka ghalani. Wa Bi. Dorcus haukutoka ghalani. Ulishonwa Jumanne ya wiki hii na Bi. Chepkurui, kuanzia saa mbili asubuhi, mlango ukiwa wazi na ukungu ukiwa umejaa uani. Bi. Janefer alisimama kando akiwa na kalamu na kadi kuhesabu mara ambazo uzi ungekatika. Kadi hiyo imebandikwa kwenye pembe ya zawadi. Ni tupu.

Wafanyakazi wote wa Karakana ya Ushonaji ya Kiptere wanamshukuru Bi. Dorcus Opondo kwa kazi iliyonyooka, kwa makosa aliyoyaandika kwa jina lake, na hata kwa ile chai. Mama, jifunike mfarishi wako asubuhi za Julai, na usiamke mapema kwa ajili yetu. Mashine inashona.

J. K. Kiplimo
Karani wa Ghala, kwa niaba ya wafanyakazi